Jinsi ya Kuibiwa Kidogo: Mwongozo wa Mvivu wa Matasia

Sogea karibu tuelewane kabla wengine hawajafika. Utaibiwa. Huenda isiwe leo, huenda zisiwe pesa nyingi, lakini simu uliyoshika ina milango mingi na wewe una haraka. Unaishi Matasia, kazi iko Nairobi, matatu ya Ngong imekwama kwenye foleni, karo haijakamilika, na ujumbe uliotumwa asubuhi unausoma saa tatu usiku macho yakijifunga. Mtu aliyechoka namna hiyo hasomi masharti ya apu. Anabonyeza "Kubali", analala.

Mashauri ya usalama wa mtandao kwa kawaida huandikiwa watu wenye nidhamu, wanaobadilisha nenosiri kila mwezi na kusoma kila mstari. Haya nimewaandikia wavivu wenye majivuno ya kawaida na mapenzi makubwa ya njia za mkato, maana hao ndio wengi na hao ndio wanaolizwa. Lengo letu ni dogo: mwizi akiingia akute kidogo, anayeuliza sana adanganywe, na ukianguka uanguke ukiwa umeketi, ambapo si mbali na sakafu. Ukichoka njiani, fuata hatua ya kwanza na ya pili tu, nami nitakuhesabu umefaulu.

1. Ifanye simu ya maringo iwe fukara

Ile simu kubwa ya kioo, ya kupigia picha na kuiweka mezani watu waione, usiiache. Una haki ya kuringa. Ila ipe laini yenye pesa za siku tu: nauli, sukuma wiki, mtungi wa maji, kitu cha kumpa mama mboga. Laini yenye mshahara na pesa za ploti iweke kwenye kabambe, ile ya vitufe, ilale kabatini nyumbani. Kabambe ya kawaida haina WhatsApp, haifungui linki, haipakui kitu. Programu hasidi ikikuingia kwenye simu ya kioo itazunguka humo usiku kucha na kukuta nauli ya kesho.

Hesabu yake ni hii. Akaunti ya M-Pesa inaruhusiwa kubeba hadi shilingi 500,000, na muamala mmoja unaweza kuhamisha hadi 250,000. Aliyeipata PIN yako anahitaji miamala miwili, basi. Wala haishii kwenye salio. Tangu Fuliza ianze mwaka 2019, mwenye PIN anaweza kutuma pia pesa ambazo hukuwa nazo, na deni likabaki kwako. Piga *334#, ingia sehemu ya mikopo, ujiondoe Fuliza kwenye laini ya simu ya maringo. Najua utaniambia unaiacha kwa ajili ya dharura. Kwenye simu iliyojaa apu, anayeweza kuifikia dharura hiyo wa kwanza ni mwizi.

Na PIN isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Mwaka huo uko Facebook, pale ukoo mzima ulipokutakia heri.

2. Funga laini ungali umekaa kochini

Kuna wizi usiohitaji uibiwe simu wala ubonyeze linki. Mwizi anajifanya ni wewe, anasema amepoteza laini, anapewa laini mpya yenye nambari yako. Simu yako inakosa mtandao, yake inaamka. Kuanzia hapo kila msimbo unaotumwa na benki, na WhatsApp, na barua pepe yako, unatua kiganjani mwake. Mji wa Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, umetajwa katika habari nyingi za kukamatwa kwa vijana wa kazi hiyo, hadi jina la mji likachafuka bila kosa la wakazi wake.

Kwa laini ya Safaricom, piga *100*100#. Ombi hilo linazuia laini yako isibadilishwe kwa wakala au kwa simu; atakayetaka kuibadilisha itabidi aende mwenyewe kwenye duka la Safaricom na kitambulisho. Ukimaliza, piga *106# uone nambari zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta laini usiyoijua, kuna mtu anaishi mjini kwa jina lako, na siku akitapeli watu utatafutwa wewe.

Dalili ya shambulio ni moja na ni rahisi: mtandao umekupotea wewe peke yako, na jirani anaongea na simu vizuri. Usikae ukizima na kuwasha. Azima simu, piga huduma kwa wateja, waambie wafunge laini na akaunti ya M-Pesa. Ukishafanya hivyo ndipo uanze kulalamika.

Hapo hapo jifunze jibu moja la kumpa kila anayepiga akisema amekutumia pesa kimakosa umrudishie. Mjibu kwa upole: "Pole sana. Peleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456, watakurudishia wenyewe." Aliyekosea kweli atakushukuru, kwa sababu hiyo ndiyo njia rasmi ya kurudishiwa. Tapeli atakutukana na kukata. Hukulazimika kumtambua nani ni nani. Na anayejiita mhudumu wa Safaricom, nambari yao ya kuwapigia wateja ni 0722 000 000. Kwa nambari nyingine yoyote, mwambie unaoga.

3. Kwenye kitabu cha getini, andika kama daktari

Umewahi kujiuliza yule mwizi wa laini hupata wapi jina lako kamili na nambari ya kitambulisho? Angalia daftari la wageni pale getini. Kalamu imefungwa kwa uzi, ukurasa umechorwa mistari kwa rula: jina, kitambulisho, simu, gari, saa ya kuingia. Juu ya mstari wako kuna watu ishirini wa leo, wote wakijianika kwa mwandiko safi wa shuleni. Aliye nyuma yako kwenye foleni anahitaji sekunde mbili na kamera.

Usigombane na soja, ametumwa. Andika haraka, andika kwa mshazari, nambari ya kitambulisho iwe na mikunjo ambayo hata wewe huwezi kuisoma. Kama unapenda kuonekana msomi, muulize: "Mkuu, hizi nambari huwa mnaziweka wapi?" Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa zako achukue zile anazozihitaji tu, akwambie ni za nini, na azilinde. Mara nyingi soja atakuashiria upite, kwa sababu hata yeye hajaambiwa.

Mtego mkubwa kwa sisi watu wa Kajiado ni ploti. Kila mtu anauza ya hamsini kwa mia, Matasia, Kiserian, Kitengela, Isinya, na kabla hujaonyeshwa hata kigingi kimoja unaombwa "tuma picha ya ID na PIN ya KRA". Kabla ya kutuma, fungua picha hiyo, chukua kalamu ya kuchorea iliyomo kwenye simu, uandike katikati ya kitambulisho: "Kwa ajili ya ploti tu," na tarehe. Dakika moja. Picha ikisafiri kwenda kusajili laini au kuomba mkopo, itasafiri na maandishi yake usoni.

4. Danganya apu bila haya

Sasa tuingie kwenye raha yenyewe. Umelelewa kusema kweli, na ni vizuri. Lakini tochi ya simu inayokuuliza tarehe ya kuzaliwa haikuulizi kama shangazi. Mchezo wa kupanga peremende hauna haja na majina yako matatu. Jichagulie siku moja ya kuzaliwa ya uongo, uikumbuke, uitumie kila mahali pasipohusu serikali, benki, hospitali wala bima. Fungua barua pepe ya pili ya kupokelea takataka. Ukiulizwa jina la mama kabla ya kuolewa, au shule ya msingi uliyosoma, jibu uongo mmoja usiobadilika. Shule yako ya kweli inajulikana na darasa zima, na darasa zima liko kwenye grupu.

Apu ikiomba ruhusa ya kuona majina yote uliyohifadhi kwenye simu, kataa. Sehemu hii nitaikalia kidogo kwa sababu imevunja ndoa na imefukuzisha watu kazi. Kwa miaka kadhaa apu za mikopo nchini Kenya zilikuwa zikimeza orodha nzima ya majina ya mkopaji. Ukichelewa siku tatu, wanampigia mkwe wako. Ukichelewa wiki, wanampigia bosi wako, na mchungaji, na yule fundi aliyekuwekea grili mwaka juzi, wote wanaambiwa wewe ni mdaiwa sugu. Hawakuvunja mlango wowote. Uliwafungulia kwa kidole, usiku ule uliokuwa na haja ya elfu tatu.

Dola iliamka polepole. Benki Kuu ilipata uwezo wa kisheria wa kuwapa leseni wakopeshaji wa kidijitali mwishoni mwa 2021, na kanuni zake zikatoka 2022. Google nayo ikazikataza apu za mikopo kugusa majina na picha za mkopaji kuanzia mwisho wa Mei 2023. Septemba mwaka huo Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya Immaculate Kassait, ikaitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye apu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu, zilizopatikana kwa wengine, ili kuwatishia. Siku hizo hizo baa ya Casa Vera ilitozwa 1,850,000 kwa kubandika mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na Roma School ya Uthiru 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziidhinisha.

Kwa hiyo ukilazimika kukopa, tafuta kwanza jina la mkopeshaji kwenye orodha ya Benki Kuu. Na apu ikija kwa faili la kupakua kupitia WhatsApp au Telegram, lenye herufi APK mwishoni, jua kuna sababu haikupita dukani.

Kuna uongo mmoja huwezi kuusema, nao ni wa mboni ya jicho. Katikati ya mwaka 2023 watu walipanga foleni hadi uwanja wa KICC wakachunguzwa macho na kifaa cha Worldcoin, wakapewa sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Zaidi ya Wakenya 350,000 walikuwa wamejiandikisha serikali iliposimamisha zoezi hilo tarehe 2 Agosti. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe. Siwacheki waliopanga foleni. Elfu saba ni elfu saba, na mwezi ulikuwa mgumu. Nenosiri likiibwa unalibadilisha, tarehe ya kuzaliwa unaitunga nyingine. Jicho ni hilo hilo hadi kaburini. Liuze kwa bei ghali zaidi, au usiliuze.

5. Ringa kwa njia ya bure

Nakujua. Unataka kusoma ujumbe bila mwenzako kuona tiki za buluu. Unataka kuona status bila jina lako kuonekana, na kusoma alichokifuta. Ndiyo maana ulipakua ile WhatsApp ya pembeni, ya rangi unayopenda, ambayo haipo dukani.

Agosti 2021 watafiti wa Kaspersky walikuta toleo moja la FMWhatsApp limebeba programu hasidi iitwayo Triada, na mwaka 2022 wakaikuta tena ndani ya YoWhatsApp, safari hii ikiiba funguo za akaunti zenyewe. Hiyo ndiyo Trojani: programu inayofanya kazi uliyoiomba, tena vizuri, huku ikifanya nyingine usiyoiomba. Inaweza kukusajili kwenye huduma za kulipia, inapakua wenzake, na mwenye ufunguo wa akaunti anaweza kuandika kama wewe.

Na tiki za buluu? WhatsApp ya kawaida ina kitufe cha kuzizima, kwenye mipangilio ya faragha. Kimekuwepo miaka yote. Kizime, uringe. Ukiwa huko huko kwenye mipangilio, weka ile PIN ya hatua mbili. Mwizi wa akaunti kwa kawaida anakuomba msimbo wa tarakimu sita, akijifanya mwenzako wa chama aliyeutuma kwako kwa bahati mbaya. Ukimpa kwa uungwana wako, PIN ndiyo itakayomkwamisha. Usipokuwa nayo, atajiwekea yake, na wewe utasubiri hadi siku 7 kurudi ndani ya akaunti yako, na kabla hujashtuka atakuwa ameshaomba shangazi zako pesa ya hospitali.

6. Simu mpya isikulevye

Hatua hii ni fupi. Agosti 2020 kampuni ya Upstream, pamoja na BuzzFeed News, walifichua kwamba simu za bei nafuu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikuwa na Triada na nyingine iitwayo xHelper tangu zikiwa kwenye boksi. Transsion, wenye Tecno, walimlaumu mtoa huduma mmoja katika mlolongo wa utengenezaji bila kumtaja jina. Waliolizwa ni wanunuzi wa simu za bei ya chini, watu wa kuweka kredi ya ishirini ishirini.

Kwa hiyo bando ikiyeyuka ukiwa umelala, kredi ikipungua bila kupiga simu, na simu ikachemka mfukoni, usilaani mtandao tu. Ingia kwenye mipangilio, uangalie ni apu gani imekula data usiku. Usiyoitambua, ing'oe. Ikirudi yenyewe baada ya kuing'oa, hata baada ya kufuta simu yote, irudishe dukani na risiti yako ungali na hasira.

7. Saiba: ingia mkono mtupu, toka mkono mtupu

Siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi ni 30 Juni, na sote tunaikumbuka tarehe 29. Saiba imefurika. Umekaa kwenye kiti ambacho bado kina joto la mtu. Fungua folda ya vilivyopakuliwa, ile ambayo kila kompyuta inayo, utazame bila kugusa: fomu za P9 zenye mishahara, vyeti vya PIN, vitambulisho mbele na nyuma, barua ya kazi ya mtu usiyemjua, tokeo la KCSE la mtoto wa mwingine. Wote walichapisha, wakalipa, wakaondoka. Kwenye kichupo cha pembeni WhatsApp ya mtu bado iko wazi, na ujumbe unaingia.

Yako itakuwa hapo pia usipofanya mambo mawili kabla ya kuinuka. La kwanza, futa ulichopakua, kisha ufute na kwenye pipa la taka. La pili, kwenye simu yako fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa na WhatsApp, ukate vyote. Hii ya pili unaweza kuifanya hata ukiwa kwenye matatu, kwa hiyo huna kisingizio.

Flashi nayo iache nyumbani. Mnyoo wa kompyuta huenea wenyewe bila kuombwa, na wa saiba unapenda flashi. Unaichomeka uchapishe CV, unaichomoa. Ukifika kwako folda zote zimekuwa na kimshale kidogo pembeni. Folda zako halisi zipo, zimefichwa. Vile vimshale ni njia ya mkato inayomwamsha mnyoo kila ukibonyeza, na sasa kompyuta ya ofisini nayo inaumwa. Huna haja ya haya yote. Jitumie faili kwa barua pepe, au umtumie mhudumu wa saiba, achapishe, umwone akilifuta. Mwite kwa jina, mpe shilingi kumi ya juu. Atakukumbuka.

8. Jifunze kupoteza bila kulipa

Programu za kuteka faili na kudai kikomboleo zina mzizi unaotugusa. Desemba 1989 Joseph Popp, Mmarekani mwenye shahada ya uzamivu ya Harvard aliyewahi kuchunguza nyani Afrika Mashariki, alisambaza kwa posta diski zipatazo 20,000 zilizodaiwa kuwa na maelezo kuhusu UKIMWI. Waliopokea, baadhi yao watu waliojali afya za wengine, walizichomeka. Kompyuta ilipokuwa imewashwa mara 90 hivi, majina ya faili yalivurugwa na kufichwa, na skrini ikadai dola 189 zitumwe kwa sanduku la posta nchini Panama. Popp alikamatwa, akapelekwa Uingereza, mahakama ikaona hana utimamu wa kushtakiwa.

Mbinu haijabadilika sana tangu hapo. Posta tu ndiyo iliyobadilika. Mei 2017 WannaCry iliteka zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150, na ilipita kwenye tundu ambalo Microsoft walikuwa wametoa kiraka chake tangu Machi. Wengi walioteseka walikuwa wameambiwa "Sasisha" wakabonyeza "Baadaye". Aprili 2023 Naivas, maduka tunayonunua unga na sabuni, walitangaza kwamba wamevamiwa na wahalifu wa aina hii.

Wewe mvivu una bahati, kwa sababu hapa uvivu unafanya kazi. Ruhusu simu na kompyuta zijisasishe zenyewe usiku, usiguse tena. Picha za watoto na hati za ploti ziweke pawili: mahali pamoja penye intaneti, na diski moja inayokaa droo ya chini ikiwa imechomolewa. Iliyochomolewa ndiyo muhimu, kwa sababu mnyang'anyi huteka kila kinachofikika kwa waya. Siku akikuandikia kwa herufi nyekundu kwamba kila kitu kimefungwa, utafuta mashine, utarudisha vyako, na hutamjibu. Kunyamaziwa kunawauma sana.

9. Ukitaka kumpeleleza mwenzako, soma hapa kwanza

Wengi huniuliza kwa sauti ya chini kuhusu apu ya kuona ujumbe wa mume au mke. Nakuelewa, wivu hauna dawa dukani. Lakini angalia unachokinunua. Kwanza, kuingia kwenye simu ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018: faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Pili, wauza apu hizo hawawezi hata kujilinda wenyewe. mSpy, mmojawapo wa maarufu, alivujisha data za wateja mwaka 2015, akavujisha 2018, akavujisha tena 2024. Ulitaka kusoma siri za mwenzako. Siri zake na barua zako za kuomba msaada wa kuisakinisha zikaanikwa pamoja.

Na kama unahofia wewe ndiye unayepelelezwa, chunga simu isikae mikononi mwa wengine. Septemba 2025 Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto ilieleza kwamba programu ya FlexiSPY iliwekwa kwenye simu za watengenezaji filamu wa Kenya waliokuwa wamekamatwa Mei, wakati vifaa vyao vikiwa mikononi mwa polisi. Hakuna linki waliyobonyeza. Simu ikishikwa na wengine kwa siku kadhaa kisha ikarudi, ifute yote kabla ya kuitumia, na badilisha manenosiri kwa kifaa kingine. Hili si la wanaharakati peke yao. Linamhusu pia dada aliyeachana na mtu mwenye hasira, na ambaye mtu huyo anajua mchoro wa kufungulia simu yake.

10. Anguka hadharani

Umebonyeza. Umetoa msimbo. Imeshatokea. Sasa majivuno yako yatakushauri ukae kimya hadi Jumatatu ili watu wasikucheke, na hicho kimya ndicho mwizi anachokula. Kila dakika usiyosema ni shangazi mwingine ametuma. M-Pesa iliyotumwa kwa mwizi inaweza kuzuiwa kama bado haijatolewa kwa wakala, na wakala yuko hatua chache kutoka kwake.

Fuata mpangilio huu. Azima simu, au toa kabambe kabatini. Funga laini na M-Pesa. Nambari ya tapeli itume kwa 333. Piga ripoti polisi upate nambari ya OB, kwa sababu benki itaidai. Kama ni taarifa zako zilizotumiwa vibaya na kampuni, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90, na kampuni yenyewe inatakiwa imjulishe Kamishna ndani ya saa 72 tangu ijue data imevuja.

Lakini kabla ya hayo mengine, baada tu ya kufunga laini, mtumie mweka hazina wa chama ujumbe wa kawaida kutoka kwenye kabambe. Nakuandikia hapa ili usipoteze muda kutafuta maneno ya kulinda heshima yako. Uhifadhi leo, kwenye rasimu za simu ile ile ya kabatini:

"Mweka hazina, tafadhali bandika hii kwa grupu sasa hivi. Ni mimi, ninaandika kwa laini ya nyumbani. WhatsApp yangu imetekwa. Mtu akiwaomba pesa kwa jina langu msitume, hata akisema mama amelazwa. Mama yuko salama. Aliyeshatuma apeleke ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mara moja, maswali atauliza baadaye. Mwenye shaka anipigie kwa nambari hii, nitapokea."